Ndege akifa uani, umpigie nani?

Ndege wa porini akikutwa amekufa uani, wenye nyumba wengi wa Arusha hulimaliza jambo hilo kwa njia moja kati ya nne. Humtupa jalalani, humwachia mbwa, huwaachia watoto wamchezee, au, kama ni njiwa aliyenona, humnyonyoa na kumtia sufuriani. Njia zote nne ni mbovu. Hiyo ya nne inaweza kumfikisha mtu Hospitali ya Mount Meru kabla jua halijazama.

Kinachoshangaza ni kwamba haya yanatokea Arusha. Makao makuu ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) yako hapa. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) iko hapa. Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), ambayo wenyeji wengi bado wanaiita kwa jina la zamani, TPRI. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) una kituo chake cha kanda ya kaskazini hapa hapa. Ukielekea Moshi na kukata kushoto baada ya Usa River, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha yenye aina zipatazo 400 za ndege. Lakini muulize mkazi wa Sakina au Moshono atampigia nani akikuta mwewe amekufa chini ya mparachichi, atakutazama akidhani unamtania.

Jibu lipo, na liko karibu kuliko ofisi zote hizo: afisa mifugo wa kata. Ila kabla ya kumpigia kuna swali moja la kujiuliza, na ndilo linaloamua yote yanayofuata. Ni wangapi?

Mmoja ni ajali, wengi ni taarifa

Ndege hufa kila siku, na vifo vingi havina la ajabu. Paka wa jirani ni mwindaji hodari. Nyaya za umeme huua, hasa ndege wenye mabawa mapana wanaotua kwenye nguzo yenye transfoma. Na siku hizi kuna muuaji mwingine, kioo. Nyumba mpya za Njiro na Olasiti zina madirisha makubwa ya alumini yenye vioo vya giza vinavyoakisi bustani nzima. Ndege haoni kioo, anaona mti mwingine upande wa pili, na anaufuata kwa kasi yake yote. Msimu wa kuzaliana, chozi dume huweza kushinda kwenye dirisha moja siku nzima akipigana na taswira yake, akidhani ni dume mwingine aliyevamia himaya yake.

Ndege mmoja, chanzo kikiwa wazi, hahitaji ofisi yoyote. Kuna alama za meno ya paka, au doa la manyoya kwenye kioo juu ya pale alipoanguka: mfukie, nawa mikono, endelea na siku yako. Dirisha linaloua mara kwa mara lipakwe mistari ya sabuni kwa nje, au lining'inizwe kamba nyembamba zilizokaribiana, ndege ajue kuwa hapo hapapitiki.

Mambo hubadilika wanapokuwa wengi. Njiwa watatu, wanne, katika ua mmoja ndani ya siku mbili si ajali tena. Hata mmoja anatosha kuwa taarifa ikiwa ni ndege wa majini, ikiwa ni mla nyama kama tai, mwewe au bundi asiye na jeraha, ikiwa alionekana akizunguka bila mwelekeo na shingo imepinda kabla ya kufa, au ikiwa kuku wako nao wameanza kuzubaa. Hapo ndege ameacha kuwa uchafu wa kufagiwa. Amekuja na habari kuhusu maji, shamba au ugonjwa, na habari hiyo itaoza pamoja naye ndani ya siku moja.

Momella, 2004

Watu wa Meru hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Upande wa mashariki wa Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Arusha, kuna maziwa ya Momella, maziwa ya magadi ambayo kila moja lina rangi yake kutokana na mwani unaoota ndani yake. Mwani huo ndio chakula cha heroe mdogo, ndege mwekundu ambaye waongoza watalii humwita flamingo. Huinamisha kichwa mpaka mdomo unageuka juu chini, kisha anachuja maji na kubakiza mwani.

Mwaka 2004 heroe walianza kufa kwa wingi katika Ziwa Manyara na katika Momella Kubwa. Mtu aliyesimama ufukweni asingeweza kujua kwa macho kilichowaua. Ingeweza kuwa njaa, ugonjwa, au dawa za mashambani zilizoteremshwa na mito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Charles Lugomela na wenzake, walichunguza maji na mwani, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo yao: kidole kilielekezwa kwenye mwani wenyewe. Baadhi ya aina za mwani wa bluu-kijani hutengeneza sumu, na zikistawi kupita kiasi, chakula cha heroe kinageuka kuwa kiuaji chake.

 Bila mizoga ya heroe, hakuna ambaye angeyashuku maji hayo. Huo ndio msaada ambao ndege hutupa bila kuombwa, maana ni mdogo, anakula sana kwa kulinganisha na uzito wake, anakunywa popote, kwa hiyo hudhurika kabla ya ng'ombe na kabla ya mtoto. Jibu hupatikana pale watu wanapotazama mizoga, wanapohesabu, na wanapopeleka sampuli mapema. Mzoga wa siku tatu uliokwisha kuingia funza hausemi lolote mbele ya darubini.

Mafua ya ndege, na kideri kilicho karibu zaidi

Taja ndege aliyekufa, na mtu wa pili atataja mafua ya ndege. Hofu hiyo ina msingi. Virusi vya H5N1 vilipoonekana kwa binadamu mara ya kwanza huko Hong Kong mwaka 1997, watu 18 waliugua na 6 wakafa. Kati ya 2003 na 2019 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha wagonjwa 861, na 455 kati yao walifariki. Wengi walikuwa watu waliogusana na kuku au bata wagonjwa: waliowachinja, waliowanyonyoa, walioishi nao chini ya paa moja. Si ugonjwa wa kupata kwa kutazama ndege juu ya mti.

Afrika Mashariki iliuona kwa karibu Januari 2017, wakati aina nyingine ya virusi, H5N8, ilipothibitishwa Uganda. Mambo yalianza na mizoga ya membe kwenye mwambao wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Membe hao huzaliana Ulaya Mashariki na Asia, kisha hushuka Afrika kukimbia baridi. Baadaye ugonjwa ukakutwa kwa kuku na bata wa kufugwa. Kenya ilifunga mlango kwa kuku wa Uganda. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo, hapa mkoani kwetu, mamlaka ziliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, zikieleza kuwa zinazuia magonjwa, mafua ya ndege yakiwamo. Tukio hilo lilizua maneno mengi pande zote mbili za mpaka, lakini lilionesha ni gharama gani hulipwa pale ugonjwa wa ndege unapoogopwa na hakuna aliye na hakika.

Kwa mfugaji wa Ilboru au Tengeru, hata hivyo, adui wa kila mwaka ni kideri, wengine wakikiita mdondo. Njiwa na ndege wengine wa porini huweza kukibeba. Dalili zake hufanana mno na za mafua ya ndege: kuzubaa, kuharisha kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda, kisha vifo vya ghafla bandani. Hata mtaalamu hatofautishi magonjwa hayo mawili kwa kuangalia tu, ndiyo sababu maabara inahitajika. Kinga ya kideri ni rahisi na ya hapa nyumbani. TVLA hutengeneza Kibaha chanjo inayostahimili joto, tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Aliyechanja kuku wake amepunguza nusu ya wasiwasi wake siku anapokuta njiwa amekufa karibu na banda.

Sumu isiyotajwa

Tunaogopa virusi kutoka ng'ambo na kusahau kilicho kwenye stoo zetu. Mlima Meru umezungukwa na mashamba ya nyanya, kabichi, maharage na mahindi kuanzia Ngarenanyuki hadi Olmotonyi, na hakuna anayelima nyanya bila kupiga dawa. Ndege hunywa kwenye mifereji ambamo mabomba ya kupulizia yameoshwa. Bundi humla panya aliyekula sumu ya panya. Mwewe humla bundi huyo, au kunguru, na mnyororo unaendelea hadi kwa mbwa wa nyumbani.

Tazama mbegu za mahindi zinazouzwa madukani kabla ya masika. Mara nyingi ni nyekundu au za waridi, rangi ya kupaka kwa makusudi, kuonya kwamba zimetiwa dawa ya wadudu na ukungu. Mkulima anaposia bila kufukia vizuri, njiwa na kanga hupita nyuma yake wakiokota. Ukimkuta njiwa amelala kando ya shamba lililopandwa jana, na mdomoni mwake kuna punje yenye rangi hiyo, au kifuko cha chakula chini ya shingo kimejaa punje ngumu, umepata sehemu kubwa ya jibu. Dalili nyingine za sumu ni kucha zilizokunjwa kama ngumi, mate mdomoni, na ndege wa aina mbalimbali kufa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ugonjwa kwa kawaida hauchanganyi chozi, kunguru na tetere katika saa moja. Sumu huwachanganya.

Kuna pia sumu ya makusudi. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitega ndege wa mashamba ya mpunga kwa kiuatilifu cha carbofuran na kuwauza kama kitoweo. Kwetu kuna kweleakwelea. Mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linamaliza tani 10 kabla ya jioni. Serikali kupitia TPHPA huwapulizia dawa kutoka angani pale wanapolala. Kazi hiyo ina sababu yake, na mkulima wa mtama anaijua. Lakini ndege waliopuliziwa huanguka maelfu kwa maelfu, na kuna watu hubeba magunia. Nyama hiyo ina sumu ya mishipa ya fahamu, na moto wa jikoni si wa kutegemewa kuiondoa. Hali ni hiyo hiyo kwa njiwa wa uani: ndege ambaye hukumchinja mwenyewe akiwa mzima si kitoweo.

Namna ya kumwondoa

Waite watoto na mbwa ndani kwanza. Kisha piga picha mbili kwa simu, moja ya ndege mwenyewe na moja ya mazingira yake, maana baada ya kumwondoa, hakuna atakayekumbuka alilala upande gani wa shamba.

Usimguse kwa mkono mtupu. Glavu za duka la dawa zinatosha. Zikikosekana, tumia mfuko wa mkate. Ingiza mkono ndani ya mfuko, mshike ndege kupitia plastiki, kisha ugeuze mfuko nje ndani mpaka abaki humo bila wewe kumgusa. Funga, kisha weka ndani ya mfuko wa pili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na ile mbadala iliyochukua nafasi yake hupitisha maji. Isitumike kwa kazi hii. Vifungashio vya mkate, sukari au unga ndivyo vinavyofaa.

Kama ni ndege mmoja asiye na mashaka, mfukie nusu mita au zaidi kwenda chini, mbali na kisima, chemchemi na mfereji, umwagie majivu au chokaa juu yake ili mbwa wasifukue. Kama kuna mashaka, usifukie wala usichome. Weka mfuko kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini, pamoja na chupa za maji zilizogandishwa, na usubiri afisa. Friji ya chakula si mahali pake. Wala usimpakie kwenye daladala au nyuma ya bodaboda kumpeleka mjini. Ugonjwa, kama upo, hupenda safari.

Mwisho, osha pale alipolala kwa maji ya sabuni, halafu mwaga jiki iliyochanganywa na maji. Nawa mikono kwa sabuni, badili viatu kabla ya kuingia banda la kuku. Mtu aliyemgusa ndege kisha akapata homa, kikohozi au macho mekundu katika siku chache zinazofuata aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba alishika ndege aliyekufa. Daktari hawezi kukisia hilo. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Akiwa bado hai

Ndege aliyejigonga kioo mara nyingi hajafa, amezirai. Mfunike kwa taulo, muweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya. Usimpe maziwa, usimlazimishe maji, maana yatamwingia kwenye mapafu. Baada ya saa moja au mbili, toa boksi nje, lifungue, usogee mbali. Wengi huruka.

Kinda aliyeota manyoya na anayerukaruka chini hajapotea. Yuko shuleni, na wazazi wake wanamtazama kutoka kwenye matawi. Mwache, mfungie paka. Kinda asiye na manyoya mrudishe kiotani kama kiota kinafikika. Yale maneno kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na binadamu hayana ukweli.

Anayebaki na bawa lililovunjika, au anayetetemeka na kuzunguka, si wa kufugwa kwenye tenga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali, na hata manyoya na kucha za tai huhesabika kuwa nyara za serikali. Nia njema haitakutetea mahakamani. Simu uliyopiga siku ile ile itakutetea.

Bundi anahitaji neno lake. Wengi humwona kuwa uchuro, na akikutwa mchana amelegea uani, mawe huanza kurushwa. Bundi aliyelegea mchana, mara nyingi, ni aliyekula panya wenye sumu au aliyegongwa na gari usiku. Kumuua ni kupoteza mwindaji wa panya na kupoteza ushahidi kwa pamoja.

Na angalia miguu. Korongo weupe na mbayuwayu wanaopitisha miezi ya baridi ya Ulaya huku kwetu huenda wamevishwa pete ndogo ya chuma yenye namba na jina la kituo, kama Helgoland au Moskwa. Ipige picha namba isomeke, uikabidhi kwa TAWIRI. Ndivyo wanasayansi wanavyojua ndege aliyetoka kwenye paa la Ujerumani alifia wapi.

Simu ya kwanza

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inataka ugonjwa unaoshukiwa utolewe taarifa, na ngazi ya kwanza ni afisa mifugo wa kata. Yeye humwarifu daktari wa mifugo wa halmashauri, iwe ya Jiji, ya Wilaya ya Arusha au ya Meru, ambaye ndiye mwenye njia ya kufikisha sampuli TVLA. Kukiwa na dalili za sumu, mtajie dawa iliyopigwa karibu na jina lililo kwenye kopo lake. Kukiwa na ndege wa hifadhini, askari wa geti la hifadhi wajulishwe pia.

Mpango huo ni mzuri kwenye karatasi. Unakwama kwa sababu ndogo: namba ya afisa huyo haijulikani. Mbao za matangazo za ofisi zetu za mitaa zina namba za mgambo, za mkusanya taka na za fundi wa maji. Ya afisa mifugo haipo, hasa mjini, ambako inadhaniwa kwamba mifugo ni mambo ya vijijini, wakati nyumba nyingi zina kuku nyuma ya jiko. Halmashauri tatu zinazouzunguka mlima huu zinaweza kurekebisha hilo kwa karatasi moja na gundi. Taasisi kubwa zilizoko jijini nazo zikubali kwamba mwananchi anayepiga simu kuhusu njiwa wanne waliokufa hapotezi muda wao.

Usizisubiri lakini. Jumatatu pita ofisi ya serikali ya mtaa, uliza namba ya afisa mifugo wa kata, iandike kwenye simu na kwenye mlango wa banda la kuku. Siku utakapoihitaji, utakuwa na saa chache tu kabla mzoga haujaharibika.